Gauche ya Kwetu

Walisema sitamaliza hata mwezi mmoja kwenye kambi ya jeshi. Mtoto wa rive gauche, ng'ambo ya kushoto ya mto, aliyekulia juu ya mawe ya maporomoko, angewezaje kutembea kwenye mstari? "Ule mutoto? Atarudi nyumbani mbele ya viatu kumutoboa miguu," jirani yetu mmoja mwenye sauti kubwa, tuliyemwita tonton, yaani mjomba, alimwambia papa, baba yangu, mbele ya watu. Papa akajibu, "Bon, tutaona," akaendelea kusuka kikapu chake cha kunasia samaki.

Leo nina diploma, na sijivuni bure. Lakini nusura maneno yao yatimie, kwa sababu ya neno moja tu la Kifaransa.

Kwetu gauche haikuwa mkono wa kushoto. Ilikuwa ng'ambo tuliyozaliwa. Kwa hiyo sajenti alipoamuru "À gauche!", mimi niligeukia mto na nyumbani kwetu, hata kama nilikuwa nimeupa mto mgongo. Wenzangu wakageuka huku, mimi kule, tukagongana vichwa.

"Wewe!" sajenti alinguruma. "Nikisema gauche unaangalia chungu ya mama yako? Kosea tena wiki ijayo, nitakurudisha kwa ile chungu!"

Papa aliyaona yote. Kila asubuhi ya gwaride alivuka mto kwa mtumbwi, amevaa shati lake la kanisani, akasimama nje ya uzio pamoja na wauza chikwanga, mikate ya muhogo. Asubuhi hizo majirani walimvutia vikapu vyake kutoka majini kule maporomokoni, leo nyumba hii, kesho ile. Hata yule tonton alivuta, huku akinung'unika, "Papa ya askari, mikono yetu itakatika!"

Jumapili tuliruhusiwa wageni. Papa hakuwahi kukaa darasani, na Kifaransa chake kiliishia kwenye bon. Alinitazama, kisha akaweka kiganja chake kwenye ubavu wangu wa kushoto.

"Mutumbwi iko na mbavu mbili. Ikipanda mto, ikishuka mto, mbavu zake zinabadirika?"

"Hapana, papa."

"Basi, gauche yao iko huu ubavu. Acha kutafuta kwetu. Kwetu haitakimbia."

Wiki iliyofuata sajenti alitugeuza mpaka vumbi likapanda. Niligeuka kama mtumbwi mikononi mwa mpiga kasia hodari, na nje ya uzio papa alikuwa akigeuza bega lake kwa kila amri. Sikukosea. Kabla ya mafunzo kwisha niliwekwa mbele kabisa ya mstari, wengine wanitazame mimi. Narudia: mbele kabisa.

Kisha nikapelekwa Kasai, nikasomea uuguzi wa jeshi, nikarudi na diploma yangu. Majirani walidhani nitakaa kitini nikinywa bia. Mimi nilimwuliza papa ni nyumba zipi zilizomkopesha mikono. Alizitaja zote bila kusita.

Nilivua sare, nikapanda kwenye magogo yanayoshikilia vikapu juu ya maji. Asubuhi baada ya asubuhi nilivuta vikapu vya kila nyumba. Tonton alikuwa wa mwisho. Alikaa juu ya jiwe, akacheka.

"Vuta, docteur, vuta! Ile kikapu haijue kusoma diploma!"

Nilivuta. Samaki wake nikambebea mkewe mpaka jikoni, na siku ile hapakubaki nyumba ng'ambo yetu inayomdai papa hata asubuhi moja.