Vidole Vitatu vya Kitambaa

Kwa miaka kumi na minne Mama Pindo hakumshonea mteja hata nguo moja mpya. Kazi yake ilikuwa kurekebisha: kupunguza kiuno cha suruali, kukunja pindo, kubadilisha zipu, kupanua gauni la aliyenenepa. Chumba chake kilikuwa na cherehani moja, meza ya pasi na pazia la kubadilishia nguo. Alipoinua macho aliona mlango wa pili, ng'ambo ya ngazi, ambako wifi yake, dada wa mumewe, alishona nguo mpya.

Wifi ndiye aliyekuwa na kioo kirefu. Wateja wake waliingia na kitambaa wakatoka na gauni, na barazani watu wakageuza shingo. Wateja wa Mama Pindo walitoka na suruali ileile waliyoingia nayo. Nani atageuza shingo kwa ajili ya zipu?

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. "Dada leo kamaliza suti tatu," mumewe alisema akinawa mikono. "Ile mikono ni kipaji." Alisema hivyo akiwa amevaa shati ambalo mkewe alikuwa amegeuza kola yake kwa ustadi hata mwenye shati hakujua. Mama Pindo akampakulia chakula, na safari hiyo hakumwekea mchuzi wa kutosha.

Alijifariji kwa jambo moja: alikuwa na jina la kusema ukweli. "Kupunguza ni mkono wangu," aliwaambia wateja. "Kupanua ni roho ya aliyeshona." Alimaanisha kwamba nguo hupanuliwa kwa kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na kama hakikuachwa, hakuna fundi wa kukizua. Koti la mabega mapana alilikataa kabla ya kuligusa, maana mabega hayarekebishiki. Hakuna nguo aliyoimaliza kushona kabla mwenye nguo hajaijaribu. Nami nasema hayo ndiyo mteja anayostahili kuyatarajia kwa fundi: aambiwe mapema kinachowezekana na kisichowezekana, na aambiwe kweli. Miujiza asiiombe.

Lakini kuhusu wifi yake Mama Pindo alikuwa na neno lingine. "Yule hubana kitambaa cha watu," alinong'ona. "Hivyo vipande ndivyo anavyovalisha wanawe." Aliyasema mara nyingi mpaka akayaamini mwenyewe.

Jumatatu moja akaja nesi wa zahanati, mteja wake wa zamani, na gauni la kijani alilokuwa ameshonewa na wifi miaka mitatu nyuma. Alikuwa anastaafu, na Ijumaa wenzake walikuwa wamemwandalia hafla ya kumuaga.

"Mbona humpelekei aliyelishona?" Mama Pindo akauliza.

"Aone nilivyonenepa? Aibu zangu huzileta kwako."

"Mwili umeshiba tu, nesi."

"Umeshiba mpaka zipu inakataa amri. Wewe nipe ukweli kama kawaida yako."

Nesi alipoondoka, Mama Pindo akachukua wembe akafumua ubavu mmoja. Ndani alikuta upana wa vidole vitatu vya kitambaa cha akiba. Akafumua wa pili, vitatu vingine, kingo zimefungwa vizuri zisichanike. Hata bitana ilikuwa imeachiwa nafasi. Aligeuza gauni huku na huku akitafuta kosa, kama mama mkwe anayekagua sufuria, asilione. Mtu aliyeshona vile miaka mitatu iliyopita alikuwa amemfikiria nesi wa leo.

Wizi angeusamehe upesi kuliko wema ule. Akashona alipofumua, akapiga pasi, na Jumanne akamrudishia nesi gauni lake. "Halipanuki. Hakuna kitambaa. Si nilisema yule hubana?"

Nesi alilikunja taratibu, akaondoka. Lakini hakuwa na gauni lingine la heshima, kwa hiyo Jumatano alimeza aibu akalipeleka kwa wifi, kumwomba aongeze japo kipande cha rangi nyingine ubavuni. Wifi akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono. Uzi ulikuwa mpya. "Niachie mpaka kesho," akasema tu.

Kisha akavuka ngazi na kuliweka gauni juu ya meza ya pasi.

"Wifi, nipanulie hili. Kitambaa kimo, vidole vitatu kila upande."

"Umejuaje?"

"Nilikiacha mwenyewe. Na mshono wako naujua. Hapa hakuna mwingine mwenye mshono mdogo hivi."

Hakupandisha sauti. Mama Pindo angefurahi kutukanwa, apate pa kushikia. Badala yake, hata katika dakika ile, macho yake yalikuwa kwenye kola ya blauzi ya wifi, yakiionea wivu jinsi ilivyolala.

"Unataka nini kwangu?"

"Nesi alivae Ijumaa. Na alichukue kwako, siyo kwangu."

Alhamisi wifi alimwelekeza nesi ng'ambo, naye akalivaa nyuma ya pazia la Mama Pindo, na zipu ikapanda bila ubishi. Mama Pindo alikuwa na uongo tayari mdomoni: kwamba wifi amepata kitambaa kinachofanana. Ungeliokoa jina lake. Mlango wa ng'ambo, hata hivyo, ulikuwa wazi, na wifi alikuwa amesimamisha cherehani yake.

"Kitambaa kilikuwemo tangu Jumatatu," Mama Pindo akasema. "Nilikiona. Nilikunyima kwa sababu kazi ni yake."

Nesi akanyoosha mkono wa gauni, ingawa ulikuwa umenyooka.

"Na sketi yangu ya bluu, uliyosema haipanuki?"

"Ile kweli haikuwa na kitu."

"Na koti la marehemu mume wangu?"

"Mabega yalikataa, nesi. Ni kweli."

"Mimi nitajuaje?"

Swali hilo, sidhani kama lina jibu. Nesi akavuka ngazi kwenda kujitazama kwenye kioo kirefu.

Siku hizi bado humletea Mama Pindo nguo zake, ila haziachi. Huvuta kigoda, huketi mbele ya cherehani na kusema, "Haya, fumua nikiona." Na Mama Pindo hufumua.