Mwaka Ambao Kalume Aliahidi Kusoma

Katika Juru yote hakuna mtu aliyesoma vitabu kwa kwapa, yaani kwa kuvibeba tu, isipokuwa Kalume, mume wa mjukuu wangu Madeleine. Mimi darasa sikulikanyaga, lakini macho ninayo, na huyo nilimtazama mwaka mzima wa 2011.

Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwaka, kila mtu husimama kutoa ahadi yake. Huyu ataacha pombe, yule atapatana na jirani. Jumapili ya mwisho husimama tena kushuhudia alipofikia. Mwaka ule Pasta alikuwa akitafuta mwinjilisti, na Kalume aliitamani ile kazi mpaka akakonda. Akasimama, kifua mbele.

"Wapendwa, mwaka huu nitasoma vitabu kumi na viwili. Kila mwezi kimoja!"

"Tutakuuliza, Ndugu Kalume," Pasta akasema. "Ukitimiza, kazi ni yako."

Akaenda Mbarara, akarudi na furushi la vitabu vya Kiswahili alivyovipata kwa muuza mitumba. Baiskeli yake imeinama upande mmoja hata leo. Alinunua na miwani, mikubwa hivi kwamba nzi akiingia upande huu, alipumzika njiani kabla ya kutokea upande ule.

Kila jioni aliketi mlangoni, fasi ambapo watu hupita wakitoka mashambani. Akisikia miguu, kitabu wazi. Miguu ikipita, usingizi. Alikoroma mpaka kuku wa jirani yetu Masha wakaacha kutaga.

Kwetu koko, yaani bibi, humtania mume wa mjukuu, nami sikumwachia.

"Bwana yangu, kitabu kinasema nini?"

"Koko, hiki ni kizito."

"Naona. Hata jani moja unashindwa kulinyanyua."

"Nyinyi batu ba zamani hamujue. Sisi wasomaji tunasoma na akili."

Sasa, Madeleine anauza karanga za kukaanga sokoni, na karanga hufungwa kwa karatasi. Karatasi zilipomwishia, alitazama ule uzi mwekundu ambao mume wake aliuweka kitabuni kama alama. Ulikuwa ukurasa ule ule tangu mavuno ya maharagwe. Akaanza kuchana kurasa kutoka mwisho. Kilipobaki jalada na kurasa chache, alilijaza maganda ya mahindi ili kitabu kisionekane kimekonda. Kalume aliendelea kusoma. Hata maganda aliyasoma vizuri, akitikisa kichwa.

Huku Juru yote ilikula karanga, na baada ya karanga ikasoma karatasi. Wanawake walibadilishana kisimani: "Nipe ule wa mzee anayetafuta ng'ombe zake, nikupe wa harusi." Mimi nilisomewa, nikalia.

Jumapili ya mwisho ikafika. Kalume akasimama na miwani yake.

"Nimevimaliza vyote! Mungu asifiwe!"

"Amina," Pasta akasema. "Tuambie kimoja tu. Yule mzee aliyeibiwa ng'ombe, mwisho wake nini?"

Kalume akakohoa. "Aliwapata. Akamfunga mwizi. Akaoa."

Kanisa zima likaguna.

"Akaoa nani?" mama mmoja akapaza sauti. "Mwizi alikuwa mudogo yake! Walilia pamoja!"

"Na mzee alikufa," mwingine akadakia, "minasoma mwenyewe, kwenye karanga za Alhamisi!"

"Hapana, alikufa kisha ya harusi ya binti yake!"

Wakaisimulia yote, huyu akimpokea yule, Pasta naye amekaa akisikiliza, mahubiri yamesahaulika. Kalume alibaki amesimama katikati, mdomo wazi, maana ndiyo mara ya kwanza anaisikia hadithi ile.

Pasta akampa kazi Semahoro, ambaye mwanzoni mwa mwaka aliahidi zaburi moja na akaimaliza.

Njiani Kalume akamgeukia mke wake. "Mama Ushindi, unanichania vitabu bila kuniambia?"

"Nilianzia mwisho kwa heshima, Papa Ushindi. Nilijua huko hautafika leo wala kesho."

Tangu siku ile hasali tena kwetu. Kila Jumapili anaendesha ile baiskeli yake mpaka Ngarama, kwenye kanisa ambako hakuna anayemjua wala anayekula karanga za Madeleine. Nasikia Januari alisimama huko, kifua mbele, akaahidi vitabu ishirini, na wakampigia makofi.