Mtungi Mmoja wa Maji

Mwaka Mpya uliopita mwanangu alitoka Nairobi na boksi la fataki, ati watoto wafurahi. Sheria niliweka mimi. Sikusoma sana, lakini moto naujua. Watoto wakae nyuma ya lile tangi tupu la mvua. Mbuzi wafungwe mbali, na ghala la mahindi lisikaribiwe. Awashe mtu mmoja, na asiwe ameonja pombe. Fataki ikikataa kulipuka, asiirudie. Na karai la mchanga likae hapo karibu.

"Mwaitu, wewe ni serikali," mwanangu akasema, maana kwetu Ukambani mama ni mwaitu.

Walitii. Zilipasuka zote, ama tulidhani ni zote, na hakuna aliyeumia. Nikajisikia mtu wa maana.

Kisha akataka kuloweka maboksi ya zile fataki kwa beseni mpaka asubuhi, ati moto ufe kabisa, ndipo ayatupe. Nikamuuliza, kwa maji gani? Maji yangu natoa kwa mchanga wa mto. Nachimba, nachota kwa kikombe, punda anabeba mpaka huku juu. "Hayo ndiyo unataka kunywesha takataka?"

"Mtungi mmoja tu, Mwaitu."

"Huo mmoja ulibeba wewe?"

Akarudisha beseni. Asubuhi nikaokota maboksi, makavu kabisa, nikayaweka jikoni. Kwangu karatasi haitupwi, ni ya kuwashia moto. Na anayewasha ni mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa. Akasukuma boksi moja chini ya kuni, akapiga magoti, akapuliza.

Lilikuwa bado na baruti. Sufuria iliruka, majivu yakajaa jiko lote.

"Susu, sioni," akaniambia mimi nyanya yake. Hakulia. Alisema hivyo tu, mkono kwa jicho.

Kwa zahanati muuguzi alilimwagia lile jicho maji, jagi baada ya jagi, yakienda chini bure, nami nimesimama pale nikiyatazama. Siku nne lilikaa na bandeji. Linaona, lakini kope hazijaota sawasawa.

Siku hizi nawasha mimi, na haya magoti. Yeye huketi mlangoni. Nikiinama kupuliza ananiambia, "Susu, rudi nyuma kidogo." Narudi.

Mwaka huu ni yeye mwenyewe aliyeomba fataki. Nimechoka kukataza. Sheria zikawa zile zile, na fataki zilipoisha nikaleta mtungi mzima, lita ishirini, nikamimina kwa beseni, nikakandamiza maboksi mpaka yakalegea. Mwanangu aliangalia tu.

Kulipokucha nikamfungua punda, tukateremka mtoni.