Siku Niliyofungua Mashine ya Gemu Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, jambo hili Igawa nzima inalijua, na kwetu Iringa limeshafika likiwa limeongezwa chumvi, kwa hiyo bora niwasimulie mimi mwenyewe niliyeaibika kuliko muendelee kulisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo. Nilimpiga mama mkwe wangu kwa kandambili. Mchana kweupe, mbele za watu. Sasa ngojeni kwanza, msinihukumu, niwaeleze nilifikaje huko.

Mimi ni Mhehe wa Idodi, lakini maisha yamenileta Igawa, pale barabarani mabasi na malori yanaposimama, na nina fremu yangu ya gemu: tivii, mashine moja ya konsoli, mabenchi, na vijana wanaocheza mpira huku wakipigiana kelele kama wako uwanjani kweli. Fremu ya pembeni mke wangu Tumpe anakaanga maandazi na chapati, na wateja wangu wanashika padi kwa mkono mmoja na andazi kwa mkono wa pili. Tumpe ni Mnyakyusa. Mdogo wake, Lusajo, ni fundi kompyuta Mbeya mjini, kijana mpole anayeongea taratibu, na mimi (Mungu anisamehe) mtu anayeongea taratibu huwa namshuku.

Mama yao analima mpunga Madibira. Msimu ulipomwendea vizuri akasema anataka kutuongezea nguvu kwenye biashara, ila ni jambo moja tu: ama aninunulie mimi mashine mpya ya gemu, ama amfungulie Lusajo chumba cha kompyuta palepale Igawa.

"Nitakuja Jumamosi," akasema kwenye simu. "Mnieleze wote wawili, nami nione kwa macho yangu."

Basi Lusajo akaja siku chache kabla, eti kutusalimia. Akakaa, akala, halafu akatega sikio kwenye mashine yangu.

"Shemeji, hii inapumua kwa shida. Sikia feni inavyolia. Ngoja nikufungulie niisafishe, ni kazi ndogo."

Nikamwangalia. Ninyi niambieni, mtu mnayegombea naye kitu kimoja, anataka nini ndani ya mashine yako? Nikamwambia aiache hivyohivyo. Jioni nikamkuta amechuchumaa nyuma ya tivii, anamulika kwa simu yake na kupiga picha. Nikamuuliza anafanya nini, akasema, "Naangalia tu, shemeji." Naangalia tu! Hata mwizi wa kuku husema anaangalia tu.

Asubuhi nikaenda kwa seremala, akanitengenezea kasha la mbao, nikaitia mashine humo, nikaacha kitundu cha nyaya tu, nikapiga kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Tumpe akaliangalia lile kasha, akasema, "Baba Atu, sasa itapataje hewa?"

"Hewa ya nini? Kwani ni kuku?"

Toka siku ile mashine ikaanza kuzima yenyewe. Vijana wako katikati ya mechi, mtu anakaribia kufunga bao, pu! Giza. Na mimi badala ya kulitazama kasha nikamtazama shemeji. Nikasema huyu kaingia kwa waifai. Nikabadilisha nywila. Ikazima tena. Nikasema basi zile picha alimtumia mwenzake Mbeya, wanaizima kutoka huko. Nikafika mahali Lusajo akishika simu tu hata kumpigia mchumba wake, mimi nazunguka nyuma yake nichungulie, mpaka Tumpe akaniambia ninatia aibu. (Aibu yenyewe alikuwa bado hajaiona.)

Jumamosi mama akafika, kapendeza, kitenge kipya na kilemba. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamketisha kwenye kiti kizuri pembeni ya kasha, Tumpe akamletea sahani ya wali na kuku. Vijana wamejaa hadi mlangoni, maana habari zilienea kwamba leo konsoli na kompyuta zinashindanishwa.

Lusajo akaanza. Alikuja na kompyuta yake, akaiweka mezani, akaongea taratibu vilevile.

"Mama, huko tunakokwenda gemu haziuzwi tena kwenye diski, zinashushwa mtandaoni. Na zile zilizokuwa za konsoli peke yake, siku hizi nyingi zinaletwa na kwenye kompyuta. Kompyuta ikizeeka unabadilisha kifaa kimoja, unaendelea. Asubuhi mwanafunzi anaomba nafasi ya chuo hapa, mchana mtu anachapa barua, jioni wanacheza. Konsoli ikikosa wachezaji inakaa tu."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikaona mambo yanaharibika, nikasimama.

"Mama, kompyuta ni ugonjwa. Inashika virusi. Unaiwasha inakwambia subiri najisasisha, mteja anaondoka. Konsoli unachomeka, unawasha, unacheza. Na vijana hawa wanataka kukaa bega kwa bega wataniane, siyo kila mmoja ajifungie kwenye kioo chake. Halafu konsoli imefungwa! Hakuna kinachoingia ndani. Ni safi, mama, safi kabisa."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Nikawasha, vijana wawili wakashika padi, mama akaanza hata kutabasamu, na mpira ulipoanza kunoga, pu! Giza. Kicheko kikapita mlangoni. Nikamgeukia Lusajo nikamkuta na simu mkononi, na hapo akili ikaniruka.

"Mama, mwanao ananihujumu! Kaweka kidude kwenye mashine yangu!"

"Shemeji, mimi?"

"Wewe! Ifungue hapa watu wote wakione!"

Lusajo akanisogelea, akaninong'oneza: "Shemeji, twende tukaifungulie nyuma. Siyo hapa, mama anakula."

Kwa mtu mwenye shaka, maneno hayo ni sawa na kukiri kosa. Nikapaza sauti, "Hapahapa!" Nikavua ufunguo, nikafungua kufuli, nikaitoa mashine (ilikuwa ya moto kama chapati) nikaiweka mezani mbele ya mama. Lusajo akanitazama kwa huruma, akachukua bisibisi, akafungua skrubu, akainua kifuniko.

Mende. Siyo mende wawili, ni ukoo mzima, mababu na wajukuu, wamezaliana kwenye lile joto na makombo ya maandazi, na mwanga ulipowapiga wakatawanyika kila upande. Wengine wakakimbilia kwenye wali. Vijana wakaruka juu ya mabenchi. Na mmoja mkubwa, mwenye mbawa, akaruka akatua begani kwa mama mkwe, akaanza kupanda kuelekea kwenye kilemba.

Wallahi sikufikiri. Mkono ulivua kandambili wenyewe. Paa! Nikamkosa. Mama akapiga ukelele, mende akahamia mgongoni, nikamfuata, paa!

Sasa nje kulikuwa na basi limesimama, na wauza mahindi waliokuwa madirishani kwa abiria wakageuka, wakaona kupitia mlangoni mwanamume kainua kandambili juu ya mama mtu mzima. Hawakuona mende. Mmoja akapiga kelele, "Njooni, jamaa anampiga mkwewe!" Wakaja mbio, wakanikamata mikono, abiria wamejazana madirishani na simu zao, na mimi napiga kelele, "Ni mende! Ni mende!" wakadhani ndivyo ninavyomtukana mama.

Aliyeniokoa ni Lusajo. Alisimama katikati, akawaonyesha ile mashine. Jioni hiyohiyo kaka yangu akanipigia kutoka Idodi: "Ni kweli umempiga mkweo kwa sababu ya gemu?" Nikakata simu.

Wazee wa pande zote mbili wakaamua niende Madibira na jogoo kuomba radhi. Nikaenda. Nikapiga magoti mlangoni, uso chini, nikasema yote: kasha, waifai, picha (kumbe Lusajo alikuwa anatafuta namba ya mashine aninunulie feni mpya, iwe zawadi). Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia ameshaamua, chumba kitakuwa na kompyuta na konsoli pamoja, na msimamizi ni Tumpe. Halafu akapunguza sauti.

"Mkwe wangu, wale wadudu nilishawaona tangu nakaa. Walikuwa wanatoka kwenye kile kitundu cha nyaya, wanarudi."

Nikainua uso. "Mama, mbona hukusema?"

"Mbele za watu?" akanijibu. "Nyumbani kwako?"

Nikiwa bado magotini nikaapa, na kiapo hicho nakishika hadi leo: nikimshuku mtu, nitamwita pembeni nimuulize, tukiwa wawili tu, kwa sauti ya chini.