Kinyozi Aombaye Kichwa

Miaka ile ya mwanzo ya Ujamaa, kinyozi wa hospitali, mtu wa Gongoni, hakunyoa kichwa bila kumwomba mwenyewe, hata kama ni kitoto cha siku saba. Wembe aliujaribia mkononi kwake, mpaka mkono ukaota upara. Siku hiyo wakamletea Masolwa wa Ziba, kafungwa kamba, anyolewe ili daktari amkate kipande cha ubongo, wazimu umtoke.

“Ndugu yangu, nikunyoe?”

“Hapana, mzee.”

“Kaka yake keshatia dole gumba,” daktari akasema.

“Basi mleteni huyo kaka mtu, nimnyoe yeye.”

Daktari akaagiza kinyozi mwingine aitwe. Mzee akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakikalia, na nyama za kuujaza mlango alikuwa nazo.