Mama Aliyechunga Umeme wa Hospitali

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili Birmingham, redio ya jikoni haikuwa na habari nyingine ila gesi. Nchi moja ya mashariki mwa Ulaya imegombana na jirani yake, mabomba huenda yakafungwa, na huku Uingereza watu wanaulizana itakuwaje. Tulikuwa wanafunzi watano katika nyumba ya kupanga kule Selly Oak, na sisi wenyewe tuligombania hita kama mataifa yale. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu usalama wa nishati na mabadiliko ya tabianchi katika sera za kimataifa. Nilisoma mikataba mpaka nikaiota. Mimi ni Msomali wa Garissa, nimesoma shule ya msingi kwa mwanga wa koroboi, lakini hilo sikuliandika popote. Nilidhani si elimu.

Kila Jumamosi nilipanda treni hadi katikati ya jiji, kisha basi la Winson Green, kwenda kujitolea kufundisha Kiingereza katika ukumbi wa kanisa. Siku moja zoezi lilikuwa kueleza kazi uliyofanya kabla ya kuja Uingereza. Mama mmoja wa makamo, mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo, alikuwa bado anaitazama karatasi tupu. Nilimwinamia nikamuuliza kwa Kiswahili kulikoni.

"Ninakosa neno," alisema. "Mimi nilikuwaka nachunga kuran."

Nilifurahi. "Mashallah, mama! Kumbe ninyi ni Waislamu?"

Alinishangaa, kisha akanyoosha kidole kwenye taa ya dari. "Kuran, mutoto yangu. Hii ya kuwasha lampe."

Alimaanisha umeme, kwa Kifaransa chao. Tulicheka mpaka darasa zima likatugeukia. Baada ya kipindi tuliketi kwenye viti vya plastiki, bado tumevaa makoti, akanieleza.

Alikuwa mwendeshaji wa mtambo mdogo wa kuzalisha umeme kwa maji ya mto, uliowasha taa za hospitali ya misheni milimani. Fundi mzee alimfundisha, na alipofariki kazi ikabaki kwake. Kwa miaka mingi mto ulitosha. Kisha mvua zikaanza kubadilika, zinachelewa, zikija zinakuja kwa ghadhabu na kuleta matope, halafu kiangazi kirefu. Mashine ikawa haiwezi kuwasha kila kitu. Ikabidi mtu aamue nani akatiwe umeme, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Ulianzia wapi?" nilimuuliza.

"Kwangu. Nyumba yangu, kisha ya daktari, kisha ofisi. Frigo ya chanjo na chumba cha operesheni, hapana kugusa."

Kila Jumatatu aliwaita wagonjwa walioweza kutembea, jamaa zao na wafanyakazi, akawaeleza maji ya mto yamefika wapi na ratiba ya wiki itakuwaje. Walibishana naye, mara nyingine wakamshinda, ratiba ikabadilishwa. Lakini hakuna aliyewahi kuchezea nyaya. Vita vilipokaribia, alifunga njia ya maji, akaipaka mashine grisi kama mtu anayetarajia kurudi, ndipo akakimbia.

Nilirudi Selly Oak siku ile nikapekua upya orodha yangu ya marejeo. Katika vitabu vyote nilivyosoma sikuwa nimekutana na mtu aliyewahi kushika swichi kwa mkono wake.

Wiki chache baadaye chuo kikaandaa mhadhara wa alasiri. Mgeni alikuwa afisa wa serikali kutoka London, aliyekuwa akihudhuria mazungumzo ya kimataifa ya tabianchi. Nilimwomba mama aje.

"Nitafanya nini mule?" aliuliza.

"Kusikiliza tu, mama. Nitakutafsiria."

Alikuja amevaa kitenge chini ya koti zito, akaketi safu ya mbele kabisa, mahali wanafunzi hawapendi kukaa. Afisa alizungumza vizuri kuhusu mabomba, meli za gesi na maghala ya akiba. Wakati wa maswali ulipofika, nikiwa bado namnong'oneza sentensi ya mwisho, mama alisimama. Aliuliza kwa Kiswahili, nami, kwa woga, nikatafsiri, nikitanguliza kwamba aliwahi kuendesha umeme wa hospitali huko Kongo.

"Bwana, umesema namna ya kupata. Siku gesi haitoshi, nani atakatiwa kwanza? Na yeye amekwisha kuitwa mu mukutano?"

Watu wawili walicheka kidogo nyuma. Afisa aliweka kalamu mezani. Angeweza kumjibu kwa maneno mawili ya heshima akapita. Badala yake alisema, "Sina jibu zuri. Mama, ninyi mlifanyaje?" Akamsogezea chaki.

Mama akaenda ubaoni. Alichora mto, mfereji, bomba linaloteremka, mashine, kisha mstari wa vyumba, akivikata kimoja kimoja kwa mpangilio aliouzoea. Nilitafsiri mpaka nikasahau kuogopa. Afisa alimuuliza kina cha maji alikipimaje, na mama akamweleza kuhusu kijiti alichokichonga alama. Mwanamume yule aliyezoea kukaa na mawaziri aliandika kila neno. Nilimheshimu kwa hilo, na namheshimu hadi leo.

Msimamizi wa tasnifu yangu hakukubali haraka. "Hiyo ni hospitali, si nchi," aliniambia nilipompelekea sura mpya.

"Nchi pia zina wagonjwa, profesa," nilijibu, nikashangaa mdomo wangu. Alinirudisha mara mbili nikaze hoja: kwamba makubaliano ya nishati yasiyowashirikisha watakaokatiwa hayadumu, hasa tabianchi inapopunguza cha kugawana. Mara ya tatu alipitisha.

Mama naye, darasa la Kiingereza lilipokwisha, alijiandikisha kozi ya ufundi wa umeme, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliomzidi lugha lakini si mikono. Mtihani wa nadharia ulimwangusha mara ya kwanza. Tulikaa jikoni kwake Jumapili baada ya Jumapili, mimi na kamusi, yeye na michoro, na binti yake, mwanafunzi wa shule ya hapo Birmingham, akitusahihisha matamshi ya Kiingereza.

Nilikuwa nimeshahamia Nairobi, nimeajiriwa ofisi inayoandaa wajumbe wa mazungumzo ya tabianchi, mama aliponipigia simu. Amefaulu, na amepata kazi ya kutunza mitambo ya umeme katika jengo moja kubwa la Birmingham.

"Hongera, mama!" nilipiga kelele mpaka wenzangu wakageuka.

"Asante, mutoto yangu. Sasa niache, niko na kazi," alisema, akakata.