Shujaa wa Somoe

Majuzi, hapa Ruangwa, nilikuwa nikicheza gemu na mwanangu; akaweka pedi yake ya kuchezea chini akaenda kunywa maji. Kwenye runinga, shujaa wake akaendelea kunifuata. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile Nachingwea ilinuka moshi wa korosho, na ngoma ilisikika kwa mbali. Dada yangu Somoe alikuwa amepelekwa unyagoni. Mchezo wetu wa mashujaa wa kwenye runinga, uliokula likizo mbili nzima, ulikuwa umebakiza asilimia tatu kufika mia. Niliuwasha peke yangu, na shujaa wa Somoe akanifuata.

"Mama, dada anacheza!"

"Acha uongo. Dada'ko haji leo wala kesho."

Sikujua kuwa mashine humchezea asiyekuwepo. Nilimsemesha shujaa yule mpaka tukamaliza.

Somoe aliporudi, nilimkimbilia. "Dada, tumefika mia!"

Akanitazama kama mgeni. "Wewe na nani?"